Dumu la Lita 20

Mwezi wa tano mwaka 2015 darasa moja shuleni kwetu Kigoma liligeuka ghala. Tulitoa madawati nje, wanafunzi wakasomea chini ya mwembe, na ndani tukarundika nguo. Kazi ile niliianzisha mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba kuanzia Mwanga hadi Katubuka, nikasimama nje ya kanisa Jumapili na nje ya msikiti Ijumaa, nikiomba watu watoe walichonacho kwa ajili ya Warundi waliokuwa wakishushwa bandarini. Watu walitoa mpaka mlango wa darasa ukawa haufungiki. Makoti mazito ya baridi, viatu vya kisigino kirefu, suti, tai, magauni ya watoto ya kusindikizia bibi harusi. Nilisimama mbele ya rundo lile moyo umejaa. Nililipiga picha.

Siku ya tatu tulipeleka viroba vya kwanza Uwanja wa Lake Tanganyika, ambako wakimbizi walikuwa wakipumzishwa kabla ya kupandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kulikuwa na mama mmoja amekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mtoto mgongoni na wengine wawili wamemwegemea. Nilimpa sweta. Alilishika, akalipapasa, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyomrudishia mwenzake kitu alichokiangusha. Akaniuliza, polepole ili nimwelewe, kama nina chombo cha kutekea amazi. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Akanionyesha chombo alichokuwa nacho. Ilikuwa chupa ya plastiki ya soda, ya nusu lita. Ndiyo aliyokuwa akichotea maji ya watu wanne tangu walipovuka mpaka.

Katika darasa zima tulilolijaza hapakuwa na dumu hata moja.

Nimeishi na chupa ile kichwani miaka yote hii, na kila ninapoona tangazo la kuchangia familia zilizokumbwa na vita au mafuriko, naiona yenyewe kwanza.

Kwa wasiokumbuka, hali ilikuwa hivi. Mwishoni mwa Aprili 2015 Bujumbura ililipuka kwa maandamano baada ya chama tawala kumteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Katikati ya Mei likaja jaribio la mapinduzi, likashindwa. Lakini watu wa kusini mwa Burundi, hasa mkoa wa Makamba, hawakungoja mapinduzi. Wengi wao walishawahi kukimbia na kurudi, na mtu aliyewahi kukimbia anazijua dalili. Walishuka kwenye ziwa na kuvuka kuingia Kagunga.

Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, kaskazini kupita Gombe. Mbele ni Ziwa Tanganyika, nyuma ni mlima uliosimama kama ukuta. Barabara ya gari haikuwepo. Ukitaka kutoka ulipanda boti, au ulipanda mlima kwa miguu. Kijiji cha watu kama elfu kumi hivi kilijikuta katika wiki chache kimebeba wageni makumi ya elfu, wamelala ufukweni bega kwa bega, wakinywa maji ya ziwa lile lile walilokuwa wakijisaidia kandokando yake. Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa walikodi meli ya MV Liemba, chombo kilichoundwa Ujerumani mwaka 1913 na ambacho sisi wa Kigoma tunakiona kama babu yetu wa majini. Kwa kuwa Kagunga hakukuwa na gati, watu walipelekwa kwa maboti madogo hadi ilikotia nanga, wakapandishwa kama 600 kwa safari. Meli ikienda na kurudi, na ufukwe hauonekani kupungua.

Kisha kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilikuwa imehesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wengi wao Warundi, na wawili wakiwa Watanzania, watu waliowapokea.

Kipindupindu ni ugonjwa wa kikatili na wa kusikitisha, kwa sababu dawa yake inajulikana na ni rahisi. Mgonjwa anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, na mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kufa kabla jua halijazama. Lakini akipewa maji na chumvi mwilini kwa haraka, kwa ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji na kunywewa, au dripu akiwa hoi, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Hata pasipo pakiti za zahanati, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinaweza kumfikisha mtoto kwa daktari akiwa hai. Rudia kusoma: lita moja ya maji safi. Mama mwenye chupa ya nusu lita anaichanganyia wapi lita moja?

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini aliomba chombo. Baadaye muuguzi mmoja wa Msalaba Mwekundu alinifafanulia, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jukwaa la uwanja, wote tumechoka. Viwango vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani vinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupikia na kujisafishia. Familia ya watu sita ni lita 90. Hayo ni madumu manne na nusu. Unaweza kuleta tangi kubwa la maji yaliyotiwa dawa na kufunga mabomba kumi, lakini mtu asiye na chombo atakunywa kwa kiganja na kuondoka, na jioni atarudi ziwani kwa sababu ziwa halina foleni. Akaniambia pia tofauti ambayo sikuwahi kuifikiria, mimi niliyekulia kwenye nyumba yenye ndoo na madumu: mdomo wa dumu ni mwembamba. Mkono wa mtoto hauingii, kikombe kichafu hakichovywi. Ndoo iliyo wazi huchafuka humo humo nyumbani, hata kama maji yalitoka bombani yakiwa safi. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watafiti waligawa ndoo zenye mfuniko na mdomo mdogo wa kumiminia, na kwenye nyumba zilizozipata kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 31. Hapakuwa na dawa mpya wala daktari wa ziada. Kilichobadilika ni chombo.

Jioni ile nilipita Ujiji kwa bibi yangu, nikamsimulia. Nilitegemea anipe pole. Akauliza neno moja tu: "Mlimuuliza?"

Nikanyamaza.

Bibi alikuwa mtu wa kuuliza hivyo. Mwaka 1972, Wahutu walipokimbia mauaji kule Burundi, uani kwake walilala akina mama wawili na watoto wao. Mwaka 1996 Wakongo walipovuka kutoka upande wa Fizi na Uvira, uani ukajaa tena. Alinieleza kwamba wale wa 1972 walikuja na mahindi yao wamefunga kwenye nguo, kwa hiyo chakula walikuwa nacho. Walichokosa ni sufuria na moto. Majirani walikuwa wakiwaletea ugali uliokwisha kupikwa, nao wanaushika kwa adabu na kushukuru, huku mahindi yao yanaota ukungu pembeni. Siku bibi alipowapa jiko na chungu, akasema, mmoja wao alilia. Alikuwa amechoka kulishwa kama mtoto.

Kesho yake nilimfuata mama mmoja muuza mitumba soko la Mwanga. Nikamwomba aje aangalie rundo letu. Alichambua kwa siku mbili, kwa jicho ambalo mimi sikuwa nalo. Kanga, vitenge, mashuka, mablanketi na nguo za watoto wachanga akaziweka kando: "Hizi mpeleke." Makoti, suti na viatu akavinunua kwa bei ya haki, na kuongeza kidogo cha kwake bila kuombwa. Kwa fedha ile tukazunguka kwa wauza mawese kununua madumu matupu, yale ya njano ya lita 20, tukayaosha kwa maji ya moto, sabuni na mchanga mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili ndio walioyasugua. Tukanunua sabuni za mche, tukazikata vipande, kila dumu na kipande chake. Tuliporudi uwanjani nilimtafuta yule mama, sikumpata. Basi lake lilikuwa limeondoka usiku.

Naandika haya kwa sababu maombi ya kuchangia yanatufikia kila mwezi sasa, na naona watu wema wakifanya nilichofanya. Mafuriko yakitokea, siku ya pili malori ya nguo yako njiani. Nyumba zikifunikwa na tope, tunafungua makabati. Nia ni njema na siidharau hata kidogo. Lakini lori lililobeba suti limechukua nafasi ya lori lililobeba turubai, na watu watano wanaochambua viatu vya kushoto na kulia wangeweza kuwa wanachimba vyoo. Kwenye dharura, muda na mikono ya watu ndivyo vitu adimu kuliko vyote.

Jambo la pili ambalo linaniuma zaidi ni lile neno "wanauza misaada". Kila aliyewahi kuishi karibu na kambi amelisikia. Mtu anaona mkimbizi ameuza kopo la maharage au kilo mbili za unga nje ya Nyarugusu, na anahitimisha kwamba hawana shida, wanafanya biashara. Nilifundisha Kasulu miaka miwili baada ya hapo, na nilikuwa nanunua vitu kwenye lile soko. Nitawaambia nilichokiona. Mgao ulikuwa unga, maharage, mafuta ya kula, chumvi, na uji wa lishe kwa wajawazito na watoto wadogo. Ulikuwa ule ule kila mwezi, kwa mzee asiye na meno na kwa kijana wa miaka 18. Kuni haimo. Pedi haimo. Nyanya haimo, daftari halimo, nauli ya kumpeleka mgonjwa haimo. Na kisheria mkimbizi haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali, wala kwenda kuajiriwa. Sasa mama ambaye binti yake amevunja ungo atapata wapi fedha ya pedi, kama si kwa kupunguza unga wa familia? Anayeuza chakula chake hajashiba. Amelazimika kuchagua nani alale njaa.

Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza kwamba kwa ukosefu wa fedha mgao katika kambi za Tanzania umeshushwa hadi asilimia 62 ya kinachohitajika. Kinachohitajika ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Asilimia 62 yake ni kama 1,300. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi habari ile iliposomwa redioni, na pembeni yangu mwalimu mwenzangu akasema, "Na bado watauza." Alisema kwa huzuni, maana alikuwa na wanafunzi kutoka familia za wenyeji wanaoishi jirani na kambi, na alijua kwamba njaa ya kambini itatoka nje kutafuta kuni na vibarua, na ugomvi utafuata.

Kwa muda mfupi paliwahi kuwepo njia nyingine. Mwishoni mwa 2016 baadhi ya familia za Nyarugusu zilianza kupewa fedha badala ya chakula, zinunue zinachotaka kutoka kwa wafanyabiashara. Mwaka uliofuata mpango ukasimamishwa na serikali. Sitaingia kwenye siasa zake. Nasema tu kwamba wauza nyanya wa Kasulu niliozungumza nao waliusikitikia kama wakimbizi walivyousikitikia, kwa sababu fedha ile ilikuwa inawafikia na wao. Shilingi iliyotolewa kumsaidia Mrundi ilikuwa inalipa ada ya mtoto wa Muha. Unga uliotoka nje ya nchi kwa meli haufanyi kazi mbili namna hiyo.

Ndiyo maana siku hizi nikiombwa mchango, natoa fedha. Najua wapo wanaosema fedha zinaliwa, na zipo zilizoliwa. Kwa hiyo nauliza maswali ambayo mtu mwaminifu hachukii kuyajibu: watu wenu wako hapo tangu lini, wenyeji wangapi mmewaajiri, mtakuwepo baada ya miezi sita? Mtu akianza kunionyesha picha za watoto wanaolia badala ya kunijibu, naondoka. Hospitali ya Nyarugusu ilikuwa ikiendeshwa na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, wauguzi wetu wenyewe, waliokuwepo kabla ya kamera za 2015 na waliobaki baada yake. Watu wa namna hiyo wanahitaji mishahara na mafuta ya gari la wagonjwa, vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha. Natoa kidogo, kila mwezi, kwa simu, siku ya mshahara. Elfu kumi inayokuja kila mwezi inamwezesha mtu kupanga. Laki iliyokuja mara moja kwa sababu ya video iliyotutoa machozi haimwezeshi.

Na nawakumbuka wa Kagunga. Kabla ya meli, kabla ya turubai la kwanza la Umoja wa Mataifa, kuna mvuvi aliyefungua mlango usiku akakuta familia ya watu tisa kizingitini. Aliwapisha. Vyoo vyao vikajaa, samaki na unga wao ukaisha, na wawili wa upande wetu wakafa. Sijawahi kuona popote pameandikwa kijiji kile kililipwa nini. Tunapohesabu misaada huwa tunaanza kuhesabu siku ndege inapotua, wakati kazi kubwa ilikwisha kufanywa na maskini mwenye chumba kimoja. Nikipata nafasi ya kusema kwenye kikao chochote cha misaada nasema hili: zahanati ya kijiji kinachopokea ipate dawa siku ile ile na kambi, kisima kichimbwe pale pale kijijini. Mwenyeji akiachwa hivi hivi, mara ya pili atasita kufungua mlango. Nani atamlaumu?

Mwaka 2023 Wakongo walianza kuvuka tena kuja Kigoma, na Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wazazi wao, ikawapokea. Kisha ikaja Januari 2025. Kuna dada Mkongo niliyefahamiana naye wakati akiishi Kigoma, ambaye baadaye aliolewa Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 walipoingia mji ule mwishoni mwa mwezi, umeme ulikatika, maji yakakatika, na mji wa watu zaidi ya milioni moja ukarudi kuchota Ziwa Kivu kwa mikono. Nilimtafuta siku nne. Siku ya tano simu ikaita.

Safari hii niliuliza. Nilisema, "Dada, unahitaji nini?" Nilikuwa nimejiandaa kusikia chakula, au dawa.

"Mwalimu, unitumie vocha," akasema. Mdogo wake alikuwa kwenye kambi ya Bulengo na watoto, na walipotezana. Alikuwa na namba tatu za watu ambao huenda wamemwona, na simu haina hata senti. Yaani kitu kilichosimama kati ya dada wawili, katikati ya vita nzima, kilikuwa salio la kupigia.

Nilituma, kupitia mfanyabiashara wa hapa Kigoma mwenye mtu wake kule. Siku mbili baadaye alinipigia kwa salio lile. Mdogo wake amepatikana. Lakini waasi walikuwa wameshaamuru kambi zivunjwe, watu warudi vijijini kwao, na familia ile ilikuwa njiani kwa miguu kuelekea Masisi, turubai limekunjwa kichwani.

"Wamebeba maji?" nikauliza.

"Wana bidoni mbili," akasema. Wao dumu huliita bidoni. "Moja imetoboka."

Nikamwuliza bidoni mpya kule inauzwa bei gani.